Kipimo cha Arobaini: Kurekebisha Dozi ya Homoni ya Thairoidi Baada ya Kujifungua

Mwanamke mwenye tezi ya shingo iliyolegea, ambaye kila siku humeza levothairoksini, huingia katika ujauzito akiwa na dozi moja na hufika chumba cha kujifungulia akiwa na dozi nyingine iliyo kubwa zaidi. Baada ya kujifungua hupaswa kurejeshwa kwenye ile ya kwanza. Mabadiliko haya mawili hayapewi uzito ulio sawa. Lile la kuongeza dawa hufanywa kwa uangalifu, kwa kuwa mjamzito huhudhuria kliniki, hupimwa damu, na kila mtu humhofia mtoto aliye tumboni. Lile la kupunguza ndilo linalosahauliwa. Mtoto akishazaliwa macho yote humgeukia yeye, mama huruhusiwa kwenda nyumbani, na pakiti ya vidonge hubaki na maelekezo yaliyoandikwa mwezi wa saba.

Hapo hutokea moja kati ya makosa mawili. Mama huendelea kumeza dozi ya ujauzito kwa miezi minne au mitano, akikonda, akitokwa jasho, moyo ukimwenda mbio na usingizi ukimpotea hata pale mtoto anapolala. Au huacha dawa kabisa, akiamini kwamba alipewa kwa ajili ya mimba, na mimba imekwisha. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, na kwa mama aliyeondolewa tezi yote kwa upasuaji wa rovu linaweza kumfikisha pabaya ndani ya miezi michache.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, kwa umbo la kipepeo. Homoni yake huamua kasi ya kazi ya karibu kila kiungo: moyo, matumbo, ngozi, misuli, ubongo. Msimamizi wake ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, ambayo hutoa homoni iitwayo TSH. Homoni ya thairoidi ikipungua, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda. Ikizidi, pituitari hunyamaza na TSH hushuka. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wagonjwa wengi, na hata baadhi ya watumishi, hulisoma jibu la maabara kinyume. Huona TSH ni kubwa, hudhani dawa imezidi, nao huipunguza kwa mtu ambaye tayari amepungukiwa.

Kwa nini ujauzito hudai dawa zaidi? Estrojeni huongezeka mwilini, na kwa sababu hiyo ini hutengeneza kwa wingi protini inayobeba homoni ya thairoidi ndani ya damu. Homoni iliyoshikwa na protini haifanyi kazi. Inayofanya kazi ni ile iliyo huru, nayo hupungua kadiri wabebaji wanavyoongezeka. Kondo la nyuma nalo huvunja sehemu ya homoni ya mama. Isitoshe, katika miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayojitegemea, hivyo hutegemea homoni inayotoka kwa mama yake. Mwenye tezi nzima hukidhi mahitaji hayo bila kujua. Mwenye tezi iliyolegea hawezi, na kwa kawaida dozi yake hulazimika kupanda kwa asilimia 25 hadi 50.

Kondo likishatoka, sababu hizo huondoka pamoja nalo. Estrojeni hushuka ndani ya siku chache, na ile protini hurudi katika kiwango chake cha kawaida kwa muda wa wiki kadhaa. Ndiyo maana miongozo ya tiba husema dozi irudishwe mara tu baada ya kujifungua, bila kungoja dalili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa Pangani ana uzito wa kilo 62, tezi yake iliondolewa yote miaka mitano iliyopita, na kabla ya mimba alikuwa akimeza maikrogramu 100 kwa siku huku TSH yake ikiwa sawa. Katika ujauzito dozi yake ilipandishwa hadi 150, yaani kidonge kimoja na nusu. Amejifungua leo usiku. Kesho asubuhi anapaswa kumeza kidonge kimoja. Hakuna haja ya kushusha kidogokidogo, kwa kuwa dawa yenyewe hukaa mwilini muda mrefu na hujishusha taratibu: baada ya siku 7 nusu yake bado imo.

Maagizo hayo, kwa maoni yangu, yasingoje siku ya kujifungua. Yaandikwe kwenye kadi ya kliniki mapema, mimba ikiwa ya miezi saba au minane, kwa sentensi moja ambayo mkunga yeyote wa zamu ataielewa: "Baada ya kujifungua, levothairoksini irudi maikrogramu 100, apimwe TSH wiki ya 6." Mama anaweza kuumwa uchungu akiwa Muheza badala ya Tanga mjini, au akiwa amekwenda kwa mama yake Mkinga kujifungulia huko. Daktari wake hatakuwapo. Kadi itakuwapo.

Iwapo dozi ya kabla ya mimba haijulikani, kama ilivyo kwa wale waliobadilisha hospitali au kupoteza daftari, aliyeondolewa tezi yote anaweza kukadiriwa kwa maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba. Kwa wengine mimi hupunguza dozi ya ujauzito kwa robo hadi theluthi, kisha nikasubiri kipimo. Na pale ambapo kumbukumbu zinaonyesha kwamba TSH ilikuwa juu hata kabla ya mimba, dozi ya zamani haikuwa ikitosha. Kumrudisha mama kwenye dozi hiyo ni kumrudisha kwenye ugonjwa.

Arobaini na chanjo ya kwanza

Katika pwani yetu mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na mama yake, shangazi au mama mkwe ndiye anayeshika hatamu za nyumba. Sayansi ya dawa hii imeangukia karibu kabisa na desturi hiyo. Baada ya dozi kubadilishwa, TSH huhitaji wiki 6 hivi kutulia. Ukipima wiki ya pili utapata namba isiyo ya dozi ya zamani wala ya sasa, na ukibadilisha dawa kwa kuifuata utakuwa umeongeza fujo. Siku ya 42 ndiyo pia siku ya mahudhurio ya mwisho ya mama baada ya kujifungua, na wiki ya 6 ndiyo mtoto anapopelekwa kliniki kupata pentavalenti na chanjo nyingine zinazoambatana nayo.

Basi damu ya mama ichukuliwe siku hiyo. Simjui mama wa Tanga anayesahau chanjo ya mwanawe kwa wepesi anaosahau miadi yake mwenyewe. Kutoka Pangani hadi Tanga mjini ni kilomita 50 hivi, na kumwambia mwanamke mwenye mtoto mchanga aende kliniki kwa ajili ya mtoto leo na hospitali ya mkoa kwa ajili yake wiki ijayo ni kumwambia achague, atamchagua mtoto. Zahanati nyingi hazina mashine ya kupima TSH, lakini damu iliyotenganishwa vizuri na kuhifadhiwa kwenye baridi huvumilia safari ya kwenda maabara kubwa. Isiwekwe tu katika jokofu la chanjo.

Baada ya kujifungua hatuhitaji tena kuibana TSH chini ya 2.5 kama tulivyofanya katika ujauzito. Ikiwa kati ya 0.4 na 4 mIU/L hivi, na mama anajisikia vizuri, dozi iachwe. Ikiwa juu, iongezwe kwa maikrogramu 12.5 hadi 25. Ikiwa chini, ipunguzwe kwa kiasi kama hicho. Kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki 6 nyingine.

Kabla ya kuongeza dozi, uliza namna dawa inavyomezwa

Hapa ndipo ningependa wauguzi wakunga wachukue muda. TSH iliyopanda katika wiki ya 6 mara nyingi haina maana kwamba dozi ni ndogo. Ina maana kwamba dozi haifiki ndani ya damu.

Levothairoksini hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Sasa tazama asubuhi ya mzazi. Kabla hajaamka vizuri ameletewa uji. Kisha chai ya maziwa. Pembeni ya kikombe kuna vidonge vya kuongeza damu alivyopewa hospitali, na wanaomwuguza, kwa nia njema kabisa, humpa dawa zote kwa mkupuo ili zisisahaulike. Madini ya chuma hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isinyonywe; kalsiamu hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kiungulia pia. Kati ya vidonge hivyo na levothairoksini zipite saa 4. Mpango rahisi ni huu: levothairoksini alfajiri, anapoamka kumnyonyesha mtoto, glasi ya maji ikiwa imeandaliwa tangu usiku, vidonge vya kuongeza damu mchana au jioni pamoja na chakula. Asiache vidonge vya damu. Avisogeze tu.

Uji wa lishe uliotiwa soya nao hupunguza unyonywaji wa dawa, na kahawa kadhalika. Si lazima kuviacha, ila visitangulie wala kufuata kidonge kwa karibu.

Mama ambaye alfajiri yake haitabiriki anaweza kumeza dawa usiku anapokwenda kulala, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho. Utaratibu huu huwafaa vilevile wakati wa Ramadhani, mwanamke akiwa anafunga: ama kidonge kimezwe usiku sana, futari na daku zikiwa mbali nacho, ama nusu saa kabla ya daku. Mwenye kunyonyesha anayo ruhusa ya dini kuacha kufunga akijihofia yeye au mtoto wake, na suala hilo ataliongea na shekhe wake. La kwetu sisi ni kumwambia kwamba funga haihitaji aache dawa.

Jambo dogo ambalo watu hulidharau ni joto. Levothairoksini huharibika kwa joto, unyevu na mwanga, na nyumba ya bati wakati wa kaskazi ina vyote vitatu. Vidonge vikae ndani ya pakiti yake, chumbani, mbali na jiko na dirisha. Vilivyomwagwa katika kichupa cha dawa nyingine na kukaa miezi kwenye mkoba havina uhakika.

Maziwa ya mama

Swali linaloulizwa kuliko yote ni kama dawa hii itamdhuru mtoto anayenyonya. Haimdhuru. Ni homoni ileile ambayo mwili wa mama ungeitengeneza, na kiasi kinachopita katika maziwa ni kidogo mno. Kinachoweza kudhuru unyonyeshaji ni kuikosa, kwa sababu upungufu wa homoni ya thairoidi huweza kupunguza maziwa. Mama anayelalamika kwamba maziwa hayatoki wiki ya tatu, huku ameacha kidonge ili "kumlinda mtoto", amelitafuta tatizo kwa nia ya kulikimbia.

Mwenye kunyonyesha huhitaji maikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Asiye na tezi hayahitaji kwa ajili yake, lakini mtoto huyapata kupitia maziwa yake ili tezi yake changa ifanye kazi. Chumvi ya pakiti yenye alama ya madini joto hutosheleza sehemu kubwa ya haja hiyo. Chumvi inayonunuliwa kwa kupimiwa kutoka mashamba ya chumvi ya pwani huenda haikutiwa madini hayo hata kidogo, na kula samaki wa baharini mara mojamoja si badala ya uhakika.

Uchovu unaofanana na uzazi

Kila mzazi huchoka. Hukosa usingizi, husahau, nywele humdondoka, hulia bila sababu. Orodha hiyohiyo ndiyo ya tezi iliyolegea, ukiongeza kuhisi baridi hata katika joto la Tanga, kufunga choo, ngozi kukauka na uso kuvimba. Kwa hiyo ugonjwa hujificha ndani ya uzazi, na familia huupa majina mengine: uvivu, husuda, jini. Sina ugomvi na dua wala kombe. Ugomvi wangu ni na vidonge vinapowekwa kando kwa ajili yake. Sonona ya baada ya kujifungua ni ugonjwa wenyewe na huhitaji tiba yake, lakini kabla ya kumwekea mama jina hilo, TSH yake ipimwe.

Na si lazima awe na historia ya ugonjwa wa tezi. Wakati wa ujauzito kinga ya mwili hutulia, na baada ya kujifungua huamka kwa nguvu. Kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 20 kuamka huko huijeruhi tezi. Mwanzoni, kati ya mwezi wa kwanza na wa sita, tezi iliyojeruhiwa humwaga homoni iliyokuwa imehifadhiwa, na mama huwa na mapigo ya moyo ya kasi na mikono inayotetemeka. Dawa za kuzuia tezi isitengeneze homoni hazina kazi hapa, kwa kuwa tezi haitengenezi, inavuja. Akisumbuka sana propranololi humtuliza. Kisha huja kipindi cha upungufu, mara nyingi kati ya mwezi wa nne na wa nane. Wengi hupona wenyewe ndani ya mwaka. Baadhi hubaki na upungufu wa kudumu. Anayeanzishiwa levothairoksini katika kipindi hiki aelezwe tangu mwanzo kwamba itajaribiwa kupunguzwa mtoto akifikisha mwaka, isipokuwa kama atakuwa mjamzito au anataka mimba.

Kuamka huko kwa kinga huwagusa pia wale waliokuwa wagonjwa tangu zamani kwa sababu ya kingamwili zinazoshambulia tezi, ugonjwa unaobeba jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Wengi wao, baada ya kujifungua, huishia kuhitaji dozi kubwa kuliko ile ya kabla ya mimba. Kwa hiyo jibu zuri la wiki ya 6 lisiwafungie faili. Wapimwe tena karibu na chanjo ya wiki ya 14, na tena mtoto anapofikisha miezi sita. Chanjo ya surua ya miezi 9 ni fursa nyingine kwa aliyepitwa.

Walioanza dawa wakiwa wajawazito, kwa dozi ndogo ya maikrogramu 50 au chini yake na kwa sababu ya TSH iliyopanda kidogo tu, wana habari njema. Wengi wao wanaweza kuacha baada ya kujifungua na kupimwa wiki ya 6. Lakini uamuzi huo ni wa tabibu aliyeiona TSH ya mwanzo, si wa jirani ambaye naye aliacha na hakuona tatizo.

Aliyetoka damu nyingi

Yuko mgonjwa mmoja ambaye utaratibu wote ulioelezwa hapo juu unaweza kumponza. Ni mwanamke aliyetoka damu nyingi mno wakati wa kujifungua, akazirai, akaongezwa damu, akanusurika. Maziwa hayakutoka kabisa. Miezi ikapita hedhi haikurudi, ingawa hanyonyeshi. Nywele za kwapani zinapungua, amepauka, hana nguvu, shinikizo la damu liko chini. Mwanapatholojia Mwingereza Harold Sheehan alieleza mwaka 1937 kinachotokea: pituitari, ambayo hukua wakati wa ujauzito na kuhitaji damu zaidi, hukosa damu na sehemu yake hufa.

Kwa mgonjwa huyu TSH haisemi kweli. Msimamizi mwenyewe ameumia, kwa hiyo hawezi kupaza sauti, na jibu la maabara litarudi likiwa chini au la kawaida huku homoni ya thairoidi ikiwa imepungua sana. Lazima ipimwe T4 iliyo huru. Tena kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Pituitari hiyohiyo ndiyo inayoziamrisha tezi zilizo juu ya figo kutoa kotisoli. Ukimpa levothairoksini peke yake utaongeza kasi ya mwili usio na kotisoli ya kuubeba, na anaweza kuzimia na kufa. Haidrokotisoni hutangulia, levothairoksini hufuata. Mhudumu wa zahanati hatakiwi kulitibu hili. Anatakiwa kuuliza maswali matatu, juu ya damu, maziwa na hedhi, na kuandika rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo au kwa daktari bingwa aliye karibu.

Uzazi wa mpango na mimba inayofuata

Sindano na vijiti vya uzazi wa mpango havibadilishi dozi ya levothairoksini. Vidonge vya majira vyenye estrojeni huweza kuibadilisha, kwa njia ileile ya ujauzito, kwa hiyo anayevianza, kwa kawaida mtoto akishapita miezi sita ikiwa ananyonyesha, apimwe TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa nazo hupandisha mahitaji.

Akikusudia kubeba mimba tena, TSH iwe chini ya 2.5 kwanza. Na siku kipimo cha mkojo kinapoonyesha mimba, asingoje miadi: aongeze vidonge viwili vya dozi yake kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi ameze viwiliviwili, kisha aje kliniki wiki hiyohiyo akiwa na kadi yake ya zamani.